Tangi Lishikwe Sawasawa: Vidokezo kwa Anayefufua Land Rover ya Zamani

Kwenye Land Rover Series III fupi, tangi la lita 45 hivi hukaa chini ya kiti cha mbele upande wa kulia. Likijaa, petroli peke yake ina uzito wa kilo 33 hivi, na inasukasuka kwenye kila kona na kila shimo. Braketi za kiwandani zikishaliwa na kutu, unaweza kuchonga zako zikadumu kuliko zile. Anza hivi.

1. Toa tangi, lipeleke mbali. Usikate wala kuchomelea chochote likiwa karibu. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke wa petroli, na kulisuuza kwa maji hakuuondoi wote. Kama limetoboka, mwachie fundi wa matangi.

2. Gonga chasisi kwa nyundo. Bodi ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni boksi la chuma linalooza kwa ndani. Mlio ukiwa mzito, au vumbi jekundu likidondoka, tibu chasisi kwanza.

3. Kata kadibodi kabla ya chuma. Rudisha tangi kwa muda, ulipime likiwa mahali pake, limeinuliwa kwa jeki na ubao, kisha liondoe tena kabla ya kukata chuma. Kumbuka nafasi ya hosi ya kujazia, na liwe mbali na ekzosi.

4. Tumia flatibaa ya milimita 3. Usiipinde kwa kona kali kama kisu, maana ufa huanzia hapo. Toboa matundu marefu kidogo ili upate pa kurekebisha. Shika kwa nukta za weldi, pima tena, kisha malizia mezani. Ukilazimika kuchomelea kwenye gari, chomoa betri.

5. Kati ya tangi na braketi, usitandike tyubu ya tairi! Najua kila gereji ina vipande vyake, lakini mpira ule hulegea ukiguswa na petroli, na tangi huanza kucheza. Tafuta mpira unaostahimili mafuta. Sponji na matambara pia hapana: hunywa maji, na kutu huanza pale usipopaona. Mpira ni muhimu kwa sababu chasisi hujipinda barabarani, na tangi la bati halifai kupindwa nayo.

6. Bolti ikipita katikati ya boksi la chasisi, weka kipande cha bomba ndani. Bila hicho, ukikaza unaliponda boksi.

7. Rudisha waya wa ethi. Mpira umelitenga tangi na chasisi. Bila waya huo geji ya mafuta haitasoma.

8. Paka praima na rangi, funga kwa nati za kujikaza, kisha chora mstari wa rangi kuanzia nati hadi braketi. Jaza robo tangi, zunguka kwenye barabara ya vumbi, ulale chini ya gari na tochi. Mstari uliokatika unakuonyesha nati iliyosogea.