Kompyuta ndani ya kompyuta: jinsi tulivyofungua tena daftari la zamani

Somo la safari hii litaonekana kama la mafundi. Lakini limetokana na swali ambalo tumeulizwa mara nyingi tangu mapema 2025, wakati kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, wengine wakarudi makwao na wengine wakasambaa: «Majina yetu mliyoandika zamani yako wapi?»

Kati ya 2007 na 2009 wenzetu waliotutangulia waliandikisha jamaa katika kambi moja upande wa magharibi wa Goma. Hawakuandika majina na idadi ya watoto tu. Waliandika pia kijiji, shamba lililoachwa, na jirani wa kila upande wa shamba hilo. Leo, jamaa anaporudi na kukuta mtu mwingine akilima pale, mistari hiyo michache inaweza kuzuia mapanga yasitolewe. Shida ni kwamba daftari lote lilikuwa ndani ya kompyuta moja ya Windows XP, katika programu ndogo iliyotengenezwa na mwenzetu mmoja ambaye ameshaondoka. Siku moja jenereta iliruka, mashine ikatoa moshi. Diski ilipona, mashine ikafa.

Tulidhani itatosha kunakili faili kwenye kompyuta mpya. Haikutosha. Programu ile ilikataa kufunguka, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo endeshi wa zamani, na Microsoft iliacha kuutunza mfumo huo tarehe 8 Aprili 2014. Kijana mmoja fundi akatuambia: kama mashine ya zamani haipo, itengenezeni ndani ya mpya. Mwanzoni tulicheka.

Tueleze maana yake kwa mfano wa kambini. Hema mbili zina kuta zake, kila jamaa ana sufuria na vitu vyake, lakini wote wanachota maji kwenye robine moja. Katika kompyuta, hema hiyo inaitwa kontena. Programu inafungiwa ndani pamoja na vitu vyake vyote, isigombane na programu nyingine, lakini makontena yote yanatumia kiini kimoja cha mfumo endeshi, yaani robine moja. Njia hii ilienea sana baada ya programu ya Docker kutolewa mwaka 2013, na kiini kinachotumika kwa kawaida ni cha Linux.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Windows haiwezi kunywa maji ya Linux. Ukiiweka ndani ya kontena hivi hivi haitaamka. Inahitaji nyumba yake yenye tangi lake. Kwa hiyo ndani ya kontena kunawekwa programu nyingine, QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Kazi yake ni kuigiza kompyuta nzima: prosesa, kumbukumbu, diski, hata kadi ya kioo. Windows inaamshwa mle na kuamini iko kwenye mashine yake peke yake. Ili isitambae kama kinyonga, QEMU inasaidiwa na KVM, sehemu ya kiini cha Linux tangu 2007, inayoiruhusu kutumia prosesa halisi moja kwa moja. Kwa hiyo kontena ni boksi la kubebea tu. Kazi nzito inafanywa na ile kompyuta ya kuigiza iliyo ndani yake.

Sisi tulitumia kifurushi cha bure kiitwacho dockur/windows, kwenye kompyuta ya Ubuntu yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu. Kabla ya yote, angalieni kama prosesa inakubali kazi hii. Katika Intel inaitwa VT-x, katika AMD inaitwa AMD-V, na mara nyingi ipo lakini imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Sisi tulipoteza siku mbili nzima kwa sababu hiyo tu. Amri ya kvm-ok itawaambia ukweli kwa mstari mmoja.

Maagizo yote yanaandikwa katika faili moja fupi: toleo la Windows, ukubwa wa kumbukumbu, ukubwa wa diski, mahali pa kuhifadhi. Msipoandika kitu, kifurushi kinachukua gigabaiti 4 za kumbukumbu na diski ya 64. Kwa XP ni kupita kiasi, maana Microsoft yenyewe iliwahi kutaja megabaiti 64 kama kiwango cha chini. Tuliipa gigabaiti 1, na diski ya 20. Halafu kioo cha Windows kinaonekana ndani ya kivinjari, kwenye mlango namba 8006. Siku ile picha ya kilima cha kijani ilipotokea, mzee wetu wa hesabu alisimama kabisa.

Faili la kusimika Windows ni zito, na la matoleo mapya linapita gigabaiti 5. Kwa bei ya mega tunayoijua, lipakueni mara moja, mlitunze kwenye diski ya nje. Tena kontena haliwapi haki ya kutumia Windows. Ufunguo halali bado unahitajika, na ile stika iliyobandikwa kwenye mashine iliyokufa mara nyingi imefungwa na mashine hiyo hiyo.

Sasa makosa yetu, maana ndiyo yatakayowafaa zaidi. Mara ya kwanza hatukuonyesha folda ya nje ya kuhifadhia ile njia iitwayo /storage. Tulipofuta kontena ili tuanze upya, kazi ya wiki ikaenda nalo. Tuliokolewa na kitu kimoja tu: tulikuwa tumefanya kazi juu ya nakala, wala hatukuigusa diski ya zamani yenyewe. Kosa la pili lilihusu kuzima. Kwa kawaida Docker inasubiri sekunde 10 tu kisha inakata, na Windows haiwezi kujifunga kwa sekunde 10. Ongezeni ziwe dakika 2, na msifanye kazi hii bila betri.

La tatu lingeweza kuumiza watu. XP haina ulinzi tena, kwa hiyo tulichomoa waya wa intaneti na kuzima wifi. Vizuri. Lakini tulikuwa tumeandika 8006 peke yake, na siku tuliporudisha waya wa ofisi, yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi angeweza kufungua kioo kile na kusoma majina. Andikeni 127.0.0.1 mbele ya namba hiyo ili mlango ufunguke kwenye kompyuta ile ile tu.

Tuseme pia wazi: kama mna kompyuta moja na kazi ya siku moja, VirtualBox ni rahisi zaidi. Faida ya kontena ni kwamba faili lile fupi linaweza kupelekwa kwenye ofisi nyingine, na mashine ile ile ikaamka huko bila kubahatisha. Kwa vyovyote vile, msiishie kwenye kuifungua. Tulipoingia tulitoa daftari lote katika maandishi ya kawaida ambayo programu yoyote inasoma, tukachapa.

Kabla ya kuchapa tuliita kamati ya wakimbizi wa ndani pamoja na wajumbe wa wenyeji. Daftari lilikuwa na safu ya kabila. Hatujui kwa nini iliwekwa, ila katika miaka tuliyoiona karatasi kama hiyo ni hatari kuibeba njiani. Mabishano yalikuwa marefu. Kijana mmoja alisema kufuta ni kuficha historia. Mama mmoja akamjibu kwamba yeye anataka shamba lake, si historia. Safu hiyo haimo katika nakala mpya. Diski ya zamani imefungwa kwa nenosiri lenye nusu mbili: moja kwa mwakilishi wa kamati, nyingine kwa mwakilishi wa wenyeji. Kila jamaa anapewa ukurasa wake peke yake, naye akitaka anampelekea shefu wa kijiji. Si hati ya ardhi, na tunamweleza hivyo kila anayekuja.

Wa kwanza kupokea ukurasa alikuwa Papa mmoja aliyeandikishwa mwaka 2008. Ukurasa ulisema shamba lake linaishia kwenye kijito, na ulitaja jina la jirani wa ng'ambo. Jirani huyo alikuwa amekaa benchi la pili nyuma yake. Alichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akauliza kama kijito kinachosemwa ni kile cha zamani au kile kilichohama baada ya mvua. Wamekubaliana kwenda kukitazama pamoja na shefu, Alhamisi asubuhi.