Kazi Kwanza, Kompyuta Baadaye: Jinsi Mifumo Inavyoweza Kumpunguzia Mkazi Safari

Mama anayetaka kufungua hoteli ndogo katika soko la Kola, Kalama, anahitaji leseni ya biashara, ukaguzi wa afya ya umma na cheti cha afya kwa kila mfanyakazi anayeshika chakula. Iwapo kila ofisi itamtaka kitambulisho upya, na risiti ya ofisi moja isitambuliwe na nyingine, atapoteza siku kadhaa na nauli ya kwenda Machakos mjini. Kununua kompyuta pekee hakuondoi usumbufu huo.

Wataalamu wa teknolojia wana njia ya kupanga mifumo kwa kufuata huduma. Kwanza, hatua zote za kazi huandikwa: nani anaanza, nani anaidhinisha, na mwananchi anasubiri wapi. Pili, hatua zinazojirudia katika ofisi nyingi, kama kuthibitisha kitambulisho au kupokea malipo, hutengwa. Tatu, kila hatua kama hiyo hutengenezewa mfumo mmoja unaotumiwa na idara zote.

Wakenya tayari wanauona mpango huu katika malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya kutumiana pesa. Leo shule, hospitali, kampuni za maji na sako hupokea malipo kupitia kwayo. Kila moja ina hesabu zake, lakini haikulazimika kujenga njia yake ya kutuma pesa.

Nchini Estonia, mfumo wa X-Road, ulioanza mwaka wa 2001, huwezesha ofisi za serikali kuulizana taarifa moja kwa moja, badala ya mwananchi kubeba karatasi kutoka dirisha moja hadi jingine.

Hata hivyo, mfumo wa pamoja ukizimika, ofisi nyingi husimama kwa wakati mmoja. Pia, kila ofisi inapaswa kuona taarifa inazohitaji tu, kulingana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mfumo mpya unapoletwa katika vikao vya ushiriki wa umma, mkazi anaweza kuuliza maswali matatu:

1. Ni hatua gani ya kazi itakayoondolewa?
2. Je, mfumo huu utawasiliana na ile iliyopo?
3. Mtandao ukikatika, au mkazi akikosa simu, atahudumiwa vipi?

Swali la kwanza likikosa jibu, huenda foleni ikahamia tu kutoka kwenye faili hadi kwenye kompyuta.