“Muzee amechoka”: ngeli na maneno ya gereji katika mazungumzo ya pikipiki za zamani Bunia

Katika Kiswahili sanifu, pikipiki ni nomino ya ngeli ya 9/10 na upatanisho wake haubishaniwi: pikipiki yangu imeharibika, pikipiki zetu zimeharibika. Hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Lakini asimame nusu saa kwenye gereji ya pembeni mwa Boulevard de la Libération, pale ambapo mwenye Yamaha ya zamani anamsubiri fundi, na atasikia chombo kilekile kikitajwa kwa ngeli tatu kabla injini haijawaka:

(1) Moto yangu iko na pane.
(2) Kamoto kangu kanakatala kuwaka.
(3) Muzee amechoka leo.

Mwalimu mwenye kalamu nyekundu anaweza kuzirudisha zote tatu kwenye sentensi moja, “Pikipiki yangu imeharibika”, akaona kazi imekwisha. Makala haya yanadai kwamba hapo amefuta habari ambayo msemaji alikusudia kuitoa. Uchaguzi wa ngeli katika mifano hii haubahatishwi; unafuata uhusiano wa msemaji na chombo chake, na una mipaka ambayo wasemaji wenyewe wanaijua, ingawa hakuna aliyewafundisha.

Kwanza chombo chenyewe, maana bila kukijua mifano haieleweki. Yamaha AG100 iliundwa kwa ajili ya mashamba, na herufi mbili za mwanzo za jina lake zinatokana na neno la kilimo. Injini yake ni ya mipigo miwili, chini kidogo ya sentimita za ujazo 100. Mnyororo umefunikwa wote ndani ya kasha, hivyo tope la njia ya Mongbwalu haliugusi. Ina vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, na miguu miwili ya kuisimamisha, mmoja kila upande, ili isianguke penye mteremko. Katika Ituri wengi waliiona kwanza ikiwa na padri, muuguzi wa zone ya afya au mtu wa mradi. Padri alihama, mradi ukaisha, moto ikabaki na kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Leo barabara zetu zimejaa TVS na Boxer kutoka India, pamoja na zile za China, zote za mipigo minne. Anayeendelea na AG100 au DT125 ameamua kuendelea nayo. Vipuri vinamsumbua, na jirani anamwuliza kila wiki kwa nini hanunui mpya.

Sasa turudi kwenye mfano (1). Neno moto limetoka Kifaransa na hapa ndilo la kawaida kuliko pikipiki. Limegongana na moto wa kupikia, na mgongano huo ni somo zuri la darasani. Katika sanifu upatanisho unatenganisha maneno haya bila shida: moto unawaka ni wa jikoni, moto inawaka ni wa barabarani. Kiambishi kimoja kinatosha. Katika Kiswahili cha Bunia, ambamo kiambishi i- kimeenea kwa vitu vingi visivyo na uhai bila kujali ngeli zao za asili, mtu anaweza kusema moto inawaka kwa vyote viwili, na muktadha ndio unaoamua. (Moto wa Kilo-Moto, kwenye dhahabu, ni jina la mahali na haumo katika ugomvi huu, ingawa wageni huuliza.) Kwa hiyo anayedai kwamba usemi wetu umepoteza kitu hapa anasema kweli. Tutaona mahali ambapo umeongeza.

Jina pikipiki ni tanakali, na Kilingala kina tukutuku, nalo la sauti. Masikio mawili yalisikiliza injini za aina moja na kila moja likaandika lilichosikia. Kwa maoni yangu tukutuku iko karibu zaidi na injini ya mipigo minne ikiwa imesimama taratibu, na pikipiki inafaa zaidi ile ya mipigo miwili, lakini hilo siwezi kulithibitisha na msomaji ana ruhusa ya kubisha. Majina ya waendeshaji nayo yanafuata ramani. Kenya na Uganda wanasema bodaboda, neno lililozaliwa na biashara ya kuvusha watu mpakani. Kisangani waliwaita waendesha baiskeli tolekiste, kutoka kitenzi cha Kilingala chenye maana ya kupita, kikafungwa mkia wa Kifaransa. Bunia tunasema motari, na wingi wake bamotari.

Mfano (2) unaleta kiambishi ka-. Sanifu haina ngeli hiyo. Udogo unaonyeshwa kwa ki-/vi-, na kipikipiki katika sikio la wengi kina harufu ya dharau. Usemi wa Kongo una ka- na wingi wake tu-, kama lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka, na ka- ina nyuso mbili. Angalia jozi hii:

(4) Kamoto kangu kanafika Komanda bila shida.
(5) Kale kamoto kake kanatuchelewesha.

Chombo kinaweza kuwa kilekile. Katika (4) mwenye nacho anakisifu. Katika (5) mtu mwingine anakidharau. Kinachogeuza maana ni kimilikishi. Udogo wa mali yangu ni mapenzi, udogo wa mali yako ni kasoro. Si kanuni kali, kwa sababu sauti na uso wa msemaji pia vina kazi, lakini ukimwambia mwenye AG100 “kale kamoto kako” bila kucheka, jiandae kueleza ulikuwa na maana gani. Kipimo hiki kinafaa kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka: kusanya ka- pamoja na vimilikishi vya nafsi zote, kisha uone dharau inaanzia nafsi gani.

Mfano (3) ndio wenye mambo mengi zaidi. Muzee ni nomino ya mtu, na upatanisho wake ni wa ngeli ya 1: a-mechoka. Hatushangai sana, kwa kuwa hata katika sanifu viumbe vyenye uhai huvuta upatanisho wa ngeli ya 1/2 hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine: samaki amekufa, kipofu amefika. Jipya hapa ni kwamba chuma kimeingizwa katika kundi hilo, na kikishaingia kinavuta sarufi yote nyuma yake, hadi kiambishi cha mtendwa:

(6) Nimemuvalisha huse mupya.

Yaani mwenye moto ameweka kitambaa kipya juu ya kiti. Hakusema ameifunika, amesema amemvalisha. Kitenzi cha nguo za watu kimekuja pamoja na -mu-. Ukarabati wa moto ya zamani unazaa sentensi nyingi za namna hii: Muzee amekunywa, ikiwa amejazwa mafuta, Muzee anakohoa, ikiwa karbirateri ni chafu. Upatanisho wa ngeli ya 1 unamtofautisha mwenye moto na fundi. Fundi, ambaye leo ana moto tano za watu watano, hujibu kwa ngeli ya 9: “Ngoja nifungue injini, nione kama ni segema.” Mwenye moto anauliza, “Atapona?” Fundi anajibu, “Itawaka.” Wote wawili wanaelewana, wala hakuna anayemsahihisha mwenzake.

Mpaka wa matumizi haya unaonekana pale bei inapotajwa:

(7) Muzee amechoka, lakini siwezi kuiuzisha.

Sentensi ni moja na chombo ni kimoja, ila upatanisho ni wa aina mbili. Amechoka ni ngeli ya 1, kuiuzisha ni ngeli ya 9. Sijamsikia mtu akisema kumuuzisha kwa moto yake, na nilipowapa wenzangu sentensi hiyo walicheka kwanza, kisha wakaikataa. Chuma kinaweza kuchoka, kukohoa, kuvaa na kugoma kama mtu, lakini kuuzwa kama mtu hakiwezi. Lugha inakirudisha kwenye ngeli ya vitu kabla ya kukipeleka sokoni. Ingekuwa ni utani wa jumla tu, tungetarajia ngeli ya 1 idumu hadi mwisho wa sentensi. Haidumu. Kuna kanuni, na ni ya kisarufi kama kanuni nyingine tunazofundisha.

Upande wa msamiati, moto ya zamani imetengenezwa kwa matabaka, na maneno yake vilevile. Sehemu nyingi zina majina yaliyoingia kwa Kifaransa: gido la kushikia, freni, ambreyaji, pinyo, buji, shambereri. Lakini vipuri vingi vinavyouzwa mjini vinaingia kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi na Aru, na pakiti zake zimeandikwa Kiingereza. Fundi aliyejifunzia kazi Arua atasema plagi na klachi, aliyejifunzia Kisangani atasema buji na ambreyaji, na huenda mikono yao imo ndani ya injini moja. Wako wanaotaka tuchague. Kabla ya kuchagua, tazama buji: katika usemi wetu ni ya injini na pia ni mshumaa, kwa sababu Kifaransa kilikuwa na maana zote mbili tayari. Basi tuchukue plagi iliyo safi? Plagi nayo ni ya injini na ya umeme wa ukutani. Kila neno limekuja na mzigo wake, na hakuna lililo safi kuliko mwenzake.

Vitenzi vimepokewa kwa utaratibu zaidi. Mwenye moto anayetaka chuma cha mizigo kiongezwe nyuma ananunua ferabeto na kumpelekea fundi aisude. Anayetaka kupanda vilima kirahisi anaweka pinyo ya mbele yenye meno machache. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Shughuli yote ya kuibadilisha moto iwe kama mwenyewe anavyotaka inaitwa kuaranje. Kusude na kuaranje vinaishia kwa -e na havikubali kugeuzwa viishie kwa -a. Mtu asiyependa mikopo atasema kwamba hilo ni kuvunja umbo la kitenzi cha Kibantu. Lakini Kiswahili kilishatatua suala hilo karne nyingi zilizopita kwa vitenzi vya Kiarabu: kusamehe, kurudi, kukubali, kufikiri, vyote vinabaki na irabu zao. Kifaransa kilipofika kilikuta nyumba ya wageni imejengwa.

Na je, kuaranje kina mbadala wa sanifu? Kutengeneza kinachanganya kuunda na kuponya. Kurekebisha ni kurudisha kitu katika hali yake, na mwenye AG100 hataki irudi, anataka isogee mbele. Kupamba ni sura tu. Kubadilisha kinaweza kumaanisha kuitoa moto hii na kupewa nyingine, maana ambayo mwenye moto ataikataa kwa nguvu zote. Nimejaribu mara kadhaa kuipatia darasani tafsiri ya neno moja na kila mara nimeishia na sentensi nzima.

Hapa ndipo suala linapotugusa sisi wa kitivo. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa bila kusema ni Kiswahili kipi. Tangu nchi iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hoja ya kufundisha sanifu imepata nguvu mpya, nami naiunga mkono: fundi wetu atakayekwenda kununua vipuri Mombasa au Dar es Salaam anahitaji kusema breki na mnyororo. Lakini kufundisha sanifu ni kazi moja, na kuandika jinsi Bunia inavyosema ni kazi nyingine. Ya pili haingoji. Chukua neno melanji. Injini ya mipigo miwili haina mafuta yake ya kulainisha yaliyohifadhiwa chini kama ya mipigo minne. Inachoma oili pamoja na esanse. AG100 ilitoka kiwandani na pampu ndogo ya kuchanganya yenyewe, lakini pampu ikianza kusumbua wengi huiondoa na kuchanganya kwa mkono, pengine mililita 40 za oili kwa lita moja ya esanse. Mchanganyiko huo ndio melanji. Mtu wa TVS hana haja nayo, na kijana anayejifunza ufundi leo kwa moto za India anaweza kumaliza mwaka bila kulitamka neno hilo. Siku AG100 ya mwisho itakapofanywa vyuma chakavu, neno litabaki bila kitu cha kuliita.

Faharasa yoyote ya gereji tutakayoiandika inapaswa basi kuwa na nafasi ya upatanisho kando ya maana. Kwa mfano:

muzee, nm. (ngeli ya 1, hurudi ngeli ya 9 penye kuuza, kununua na bei) moto ya zamani inayopendwa na mwenyewe. Haitumiwi kwa moto ya mtu mwingine ila kwa heshima: Muzee wako anaendeleaje?

melanji, nm. (ngeli ya 9) esanse iliyochanganywa na oili kwa mkono kwa ajili ya injini ya mipigo miwili. Melanji ikiwa nyepesi, Muzee atakufa.