Kitabu Kinapopanda Jukwaani: Maswali na Majibu juu ya Tamthilia za Watoto

Walimu, wazazi, na vijana wenye vikundi vya maigizo huniuliza mara kwa mara namna ya kukitoa kitabu cha watoto katika kurasa zake na kukisimamisha mbele ya hadhira changa. Maswali yao nimeyakusanya hapa kwa muhtasari, na kila moja nimelijibu kwa kadiri ya uzito wake. Kwa hiyo msomaji asistaajabu akiona jibu moja limechukua nafasi ya matatu.

Swali: Mtu akishapata kitabu akipendacho, aanze na nini?

Jibu: Aghalabu watu huanza na mkasi: hupunguza matukio, huwafukuza wahusika wadogo, kisha huyanakili mazungumzo yaliyosalia na kuyaita tamthilia. Kazi hiyo haina budi kufanywa, lakini si ya kwanza wala si ngumu. La kwanza ni kujiuliza msimulizi atakwenda wapi. Kitabu cha watoto, hata kiwe chepesi namna gani, kina sauti inayofuatana na mtoto ukurasa kwa ukurasa, ikimweleza paka anawaza nini, mvua inanukaje, na kwa nini mama amenyamaza. Na sauti hiyo ndiyo hasa aliyoipenda mtoto, ijapokuwa mwenyewe hana habari, kwa kuwa yeye hudhani kwamba amempenda paka. Jukwaani sauti hiyo haina mwili. Ukimsimamisha mwigizaji mmoja pembeni aisome, umeleta kitabu kinachosomwa kwa sauti ilhali watu wengine wanapitapita nyuma ya msomaji; ukiifuta kabisa, hubaki orodha ya matukio yasiyo na ladha. Ustadi wote wa kazi hii umo katika kutafuta kitu kinachoonekana au kinachosikika, kitakachopokea amana iliyokuwa mikononi mwa msimulizi.

Swali: Maneno hayo ni mazito. Je, upo mfano wa mahali jambo hilo lilipofanikiwa?

Jibu: Upo, na mimi huurudia kila nipatapo nafasi. Mwaka 1982 Michael Morpurgo, mwandishi wa Kiingereza, alitoa riwaya ya watoto iitwayo *War Horse*. Anayesimulia ndani yake ni farasi, jina lake Joey, aliyelelewa na kijana Albert katika shamba la Devon, akauzwa kwa jeshi vita vya 1914 vilipoanza, akavushwa bahari mpaka Ufaransa, akawatumikia Waingereza kisha Wajerumani, akiyaelewa maneno ya kila binadamu aliyemtia lijamu. Fahari ya kitabu imo humo: farasi hana taifa, na kwa sababu hiyo huwasikiliza watu wote kwa insafu, adui na rafiki, wala hamkashifu yeyote.

National Theatre ya London ilipotaka kukiigiza, mwandishi mwenyewe aliwadhania kuwa wana wazimu, na ni vigumu kumlaumu, kwani farasi anayenena mbele ya watu ni kichekesho, na kicheko kimoja mahali pasipostahili kingalitosha kuuangamiza msiba wote. Nick Stafford, aliyeiandika tamthilia, akakata shauri ambalo mtu mwoga asingalithubutu: alimnyamazisha msimulizi. Mahali pa maneno yake pakachukuliwa na mwili. Kundi la Handspring kutoka Cape Town, la mafundi wa vikaragosi Adrian Kohler na Basil Jones, liliunda farasi wa kimo cha farasi hasa, mifupa yake ya henzirani na aluminiamu, mwenye nguvu za kupandwa na mtu mzima, akiendeshwa na watu watatu: mmoja wa kichwa, mmoja wa moyo, na mmoja wa miguu ya nyuma. Watu hao hawafichwi. Mtazamaji huwaona tangu dakika ya kwanza, na baada ya muda mfupi huacha kuwaona, kwa hiari yake, pasipo kuombwa.

Siri yao ni pumzi. Handspring hushikilia kwamba kikaragosi sharti kipumue kabla ya kutenda jambo lolote, na farasi wao hata akiwa amesimama tu kifua hupanda na kushuka, masikio hugeuka kuifuata sauti, ngozi hutetemeka kama iliyotuliwa na nzi. Hivyo yale ambayo Joey wa kitabuni alitueleza kwa maneno, Joey wa jukwaani hutuachia tuyasome wenyewe masikioni mwake. Hasara ilikuwapo, na si haki kuificha: ule usikivu wa farasi usiopendelea upande, ambao kwangu ndio roho ya kitabu, ulififia, na mzigo mkubwa zaidi ukamwangukia Albert. Lakini mchezo ulipofunguliwa mwezi wa Oktoba 2007 uliwatoa watu machozi, na ulipovuka kwenda New York ulipata Tuzo za Tony tano mwaka 2011, fauka ya tuzo maalumu waliyopewa Handspring. Mwalimu asiye na fedha asivunjike moyo kwa kusikia habari za aluminiamu. Pumzi hainunuliwi, na mtoto wa darasa la nne aweza kulipa shuka lililofungwa fundo uhai kamili akifundishwa kulipumulisha.

Swali: Kitabu kikiwa kifupi mno, au kikiwa mkusanyiko wa visa visivyofuatana, tufanyeje?

Jibu: Kitabu kifupi ni neema. *The Gruffalo* cha Julia Donaldson, kilichochorwa na Axel Scheffler na kutoka 1999, hakifikii maneno elfu moja, na bado kundi la Tall Stories la Uingereza lilikifanya mchezo mwaka 2001 kwa waigizaji watatu tu: mmoja ni panya, mmoja ni Gruffalo, zimwi lenyewe, na wa tatu huwa mbweha, bundi na nyoka kwa zamu. Nafasi iliyoachwa na maneno hujazwa kwa nyimbo, miendo na mzaha wa mwigizaji anayebadilisha maleba mbele ya macho ya watoto. Kwa watoto wa chini ya miaka 6, dakika 45 hadi saa moja bila mapumziko zatosha. Atakayewaongezea robo saa ataijua thamani yake kwa kelele.

Visa visivyofuatana hutaka uzi, na uzi bora ni ule ambao kitabu hakiukatai. Vitabu vya Arnold Lobel juu ya chura wawili marafiki, vilivyotoka Marekani kati ya 1970 na 1979, ni vijisa vidogo vidogo. Robert Reale na Willie Reale walivifanya tamthilia ya nyimbo kwa kuvipanga katika majira manne ya mwaka, ikachezwa kwanza Minneapolis 2002 kisha Broadway mwaka uliofuata. Hakuna tukio lililobuniwa kwa nguvu ili kuziba pengo. Hata hivyo kubuni si haramu. Dennis Kelly alipokiandika upya kitabu cha Roald Dahl, *Matilda*, kwa ajili ya Royal Shakespeare Company mwaka 2010, alimpa yule binti mwerevu hadithi ambayo kitabuni haimo, ya mwanasarakasi na mumewe, anayoisimulia kwa vipande kwa mwangalizi wa maktaba. Tazama alivyofanya: sauti ya msimulizi hakuiua, aliitia kinywani mwa Matilda mwenyewe, na mtoto msomaji akawa mtoto mtunzi.

Swali: Watoto wetu hawatulii, hujibu, huonya, hupiga kelele. Tuwazuieje?

Jibu: Msiwazuie. Hadhira iliyokua kwa paukwa na pakawa imekwisha fundwa kwamba hadithi haiendi mpaka msikilizaji aitikie, na mwongozaji anayewataka watoto hao wakae kama waliohudhuria kesi mahakamani anaitupa mali aliyorithi bure. Lililo la hekima ni kuwapangia mahali pa kuingia. J. M. Barrie alilijua hilo. *Peter Pan* yake ilianza kuwa mchezo, uliofunguliwa Duke of York's Theatre, London, tarehe 27 Desemba 1904, na kitabu chake kikafuata 1911, kinyume cha safari tunayoizungumza. Kati ya mchezo, kizimwi kidogo kiitwacho Tinker Bell kinakaribia kufa, na Peter huwageukia watazamaji awaombe wapige makofi ikiwa wanaamini kuwa viumbe kama hivyo vipo. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza Barrie alihofia kimya, akawaagiza wapiga muziki waweke chini ala zao na kupiga makofi wao, ila hawakuhitajiwa. Lakini sharti mwitiko wa mtoto ubadilishe jambo jukwaani. Kumwuliza mtoto swali ambalo jibu lake halina kazi ni kumdharau, na watoto huitambua dharau hiyo upesi kuliko wakubwa.

Swali: Kifo, vita na vitisho viondolewe?

Jibu: Kwa rai yangu, la, ila kuna tofauti kati ya kitisho na hatari. Baada ya maonyesho ya kwanza ya *Peter Pan*, wazazi walimletea Barrie malalamiko kwamba watoto wao wamerudi nyumbani na kujirusha kutoka vitandani ili waruke, wakaumia, naye akaongeza sharti kwamba hakuna awezaye kuruka mpaka apulizwe vumbi la uchawi. Huo ndio udhibiti unaofaa: alifunga mlango wa mkono kuvunjika, akaacha maharamia na upanga wao. Kifo nacho kikionyeshwa kwa taadhima hakimdhuru mtoto. Katika *War Horse* farasi wa pili, Topthorn, anapokufa, waendeshaji hujitoa polepole katika mwili wake na kuondoka. Pumzi imekwisha, na hata mtoto ambaye hajapata kuona maiti hufahamu.

Swali: Hadithi ya ugenini, je, tuihamishie kwetu?

Jibu: Ikiwezekana kwa heshima, na ikiwa hadithi yenyewe inakubali. Wasomaji wa Kiswahili walimpata Alice wa Lewis Carroll tangu 1940, kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Conan-Davies, na kitabu hicho ni jukwaa tayari, maadamu karibu kila sura yake ni mabishano. Elisi aweza kuvaa sare ya shule ya Tanga au Malindi pasipo kuharibu neno. Joey hawezi: mtoe katika matope ya Ufaransa ya 1916 na hakuna hadithi. Nami ningewasihi waandishi wa tamthilia wasisahau rafu iliyo karibu, kwani Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukivisaidia vitabu vya Kiswahili kutoka tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na hadithi zilizoandikwa kwa ajili ya watoto wa hapa hazihitaji kuhamishwa kwenda popote.

Swali: Waigize watoto au watu wazima?

Jibu: Hayo ni mambo mawili yanayochanganywa bila sababu. Tamasha la drama la shule za Kenya, lililoanza 1959, ni sanaa ya watoto wanaocheza, na faida yake kubwa humwendea mchezaji. Tamthilia kwa ajili ya watoto hutazama faida ya aliyeketi. Zikikutana, mzigo wa mtoto ugawanywe. Nafasi ya Matilda huko London ilishikwa na wasichana wanne kwa zamu, na mwaka 2012 wote wanne walipewa Tuzo ya Olivier kwa pamoja.

Swali: Ruhusa ya mwandishi ni lazima? Naye aketi katika mazoezi?

Jibu: Ni lazima maadamu haki haijakwisha. Kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza ni miaka 70. *Peter Pan* ina jambo lake peke yake: Barrie aliitoa haki yake kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mwaka 1929, na Bunge la Uingereza mwaka 1988 likaipa hospitali hiyo mapato ya mchezo nchini humo bila kikomo.

Kuhusu mwandishi kuketi katika mazoezi, tabia zao hutofautiana. Henry Savile Clarke alipomwomba Carroll ruhusa ya kumpeleka Alice jukwaani mwaka 1886, Carroll alishurutisha kwamba pasiwe na dalili yoyote ya upujufu, akapendelea kitabu kimoja tu kitumike. Mwishowe vilitumika vyote viwili, kila kimoja na tendo lake, na yeye mwenyewe akaongeza beti mpya ili mizuka ya chaza walioliwa ipate kulipiza kisasi. Mwandishi wa namna hiyo ni wa kukaribishwa na kupewa kiti cha mbele. Yule anayedai kila sentensi yake ibaki apelekewe nakala ya tamthilia kwa adabu, ajibu kwa maandishi.

Na jambo moja husahauliwa: tafsiri ina haki yake. Carroll alikufa 1898 na kitabu chake ni mali ya kila mtu, lakini anayetaka kutumia maneno ya tafsiri fulani ya Kiswahili sharti kwanza aulizie haki ya mfasiri na mchapishaji wake; asipoipata, na aketi na kitabu cha asili akitafsiri upya mwenyewe, kabla hajawagawia waigizaji karatasi.