Ugonjwa Ujifichao: Somo juu ya Kaswende

Mwezi huu twataka kujifunza habari za kaswende, ugonjwa ambao watu huona haya kuutaja. Walimu wengine watasema, "Mambo haya hayafai kusomwa mbele ya watu." Lakini kunyamaza kwetu hakujamponya mtu hata mmoja.

1. Asili yake. Zamani wengi walidhani ya kuwa ni tego au laana. Mwaka 1905 wataalamu wawili huko Berlin, Schaudinn na Hoffmann, walikiona kwa darubini kijidudu kiletacho ugonjwa huu. Ni chembamba, nacho kimejisokota. Huambukizwa kwa kukutana kimwili, tena mama mwenye mimba huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Hauenei kwa kula pamoja wala kwa kutumia choo kimoja.

2. Jinsi ujifichavyo. Kwanza hutokea kidonda kisichouma, mara nyingi baada ya majuma 3 hivi. Kwa mwanamke huweza kuwa ndani, pasipoonekana. Kidonda hufunga chenyewe, na mgonjwa hufurahi, kumbe hakupona. Baadaye hutoka vipele, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Kisha ugonjwa huweza kukaa kimya miaka mingi, na mwisho wake kuharibu moyo, macho na ubongo. Basi asiyeumwa asijisifu kuwa ni mzima.

3. Hatari kwa mtoto. Mimba huweza kuharibika, au mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa na ugonjwa. Hapo majirani hunong'ona, na mama hulaumiwa peke yake. Kumbe pengine mumewe ndiye aliyeuleta nyumbani, naye haonyeshi dalili yo yote.

4. Dawa yake. Penisilini ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1943. Leo aliye katika mwanzo wa ugonjwa huponywa kwa kawaida na sindano moja ya benzathini penisilini; aliyekaa nao siku nyingi huchomwa 3, moja kila juma. Mama akitibiwa mapema, mtoto mara nyingi huokoka. Lakini dawa haikijengi upya kiungo kilichokwisha haribika. Kwa hiyo tusikawie.

5. Yatupasayo. Mume na mke waende pamoja kupimwa mara mimba ijulikanapo. Ni tone la damu ya kidole tu, na majibu hupatikana upesi. Ugonjwa ukionekana, watibiwe wote wawili, wasikutane mpaka daktari awaruhusu. Maana akitibiwa mmoja tu, mwenzake humrudishia. Aliyepona aweza kuambukizwa tena. Wapimwe na virusi vya UKIMWI pia, kwa kuwa kidonda huvifungulia mlango. Uaminifu wa wawili waliopimwa ni kinga kubwa. Kondomu hupunguza hatari, ingawa haifuniki kila kidonda.

Nanyi walimu, mtu akiwajia kwa siri, msimhoji kama hakimu wala msimtangaze. Msindikizeni mpaka kituo cha afya. Wazee walisema, "Mficha uchi hazai". Na katika ugonjwa huu neno hilo ni kweli tupu.

Maswali: Kwa nini kidonda kikifunga si dalili ya kupona? Kwa nini haitoshi kumtibu mke peke yake? Mgonjwa akija kwako leo, utamwambia neno gani la kwanza?