Kufundisha Kiingereza Ugenini: Nafasi ya Mwalimu Asiye Mzawa wa Lugha

Utangulizi

Walimu wanachuo wanaokaribia kumaliza mafunzo yao huuliza mara nyingi swali hili: Je, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hana shahada ya chuo kikuu, na ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, aweza kwenda kufundisha Kiingereza katika nchi ya kigeni? Swali hili si la upuuzi. Nyuma yake kuna haja ya kazi na kipato, na pengine kuna jamaa walio tayari kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kijana wao apate nauli. Kwa hiyo linastahili jibu kamili.

Jibu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa sheria: nani huruhusiwa? Upande wa pili ni wa ufundi wa ualimu: akiisha kuruhusiwa, atawafundisha watoto kwa njia gani? Katika makala hii tutaanza na sheria kwa ufupi, kisha tutakaa zaidi kwenye ufundi, kwa kuwa humo ndimo ilimo nguvu ya mwalimu aliyejifunza Kiingereza darasani kama tulivyojifunza sisi.

Masharti ya Sheria na Waajiri

Ni lazima tuseme wazi kwamba milango mingi imefungwa. Korea ya Kusini hutoa viza maalumu ya walimu wa lugha, iitwayo E-2. Kwa somo la Kiingereza, viza hiyo kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, tena wenye shahada. China nayo kwa kawaida huwataka walimu wa Kiingereza wawe raia wa nchi zinazozungumza lugha hiyo, wawe na shahada, na wawe na uzoefu wa miaka miwili au cheti cha ualimu kinachokubalika badala ya uzoefu huo. Japani ina mpango wa serikali uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, ambao huwapeleka vijana wa kigeni kuwasaidia walimu wa Kijapani shuleni. Nao hudai shahada. Mwalimu mwenye cheti peke yake, hata awe hodari namna gani, hapiti katika milango hiyo.

Ipo milango iliyo wazi zaidi. Kambodia imejulikana kwa muda mrefu kuwa nchi ambayo shule nyingi za binafsi huajiri walimu wasio na shahada. Hata hivyo tukumbuke kwamba pale ambapo sheria haidai shahada, mwenye shule aweza kuidai. Na pale ambapo yeye pia haidai, mshahara mara nyingi huwa mdogo.

Kwa mwalimu asiye na shahada, hati inayosaidia sana ni cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo. Kinachojulikana zaidi ni CELTA, kinachotolewa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kozi yake ina saa zisizopungua 120, na katika hizo mwanafunzi hufundisha darasa halisi kwa saa 6 huku akitazamwa na mkufunzi. Cheti hiki hakidai shahada, wala hakidai mtu awe mzawa wa lugha. Kinadai elimu inayotosha kumwingiza mtu katika elimu ya juu, na Kiingereza cha kiwango cha juu. Mazoezi yake hufanywa kwa watu wazima. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi, aliyekwisha kuzoea watoto, huongeza juu yake ujuzi ambao cheti chenyewe hakitoi. Yapo pia matangazo ya vyeti vinavyopatikana kwa siku chache bila mtu kusimama mbele ya darasa hata mara moja. Vyeti vya namna hiyo havimfanyi mtu mwalimu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtu asiende kufundisha kwa viza ya matembezi, hata kama wakala atamwambia kwamba mambo yatanyooshwa akifika. Afanyaye kazi bila kibali hana pa kulalamikia asipolipwa, na aweza kufukuzwa nchini wakati wowote. Mkataba usomwe kabla ya fedha kutolewa, masharti yaulizwe kwenye ubalozi wa nchi inayohusika, na pasipoti ibaki mikononi mwa mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Imani ya Zamani Juu ya Mzawa wa Lugha

Kwa nini nchi nyingi humtaka mzawa wa lugha? Sehemu ya jibu imo katika historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita jirani yetu. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere, nchini Uganda, mkutano wa Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Mtaalamu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kiitwacho Linguistic Imperialism, alichambua mafundisho yaliyotokana na mkutano huo, akayafupisha katika imani tano. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Phillipson aliikataa imani hiyo, akasema kwamba ualimu hupatikana kwa mafunzo, wala mtu hazaliwi nao.

Mwaka 1994 Péter Medgyes, mwalimu wa Hungaria ambaye naye alijifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, alitoa kitabu kizima juu ya mwalimu asiye mzawa. Alionyesha kwamba mwalimu huyo ni kielelezo cha mtu aliyefaulu kujifunza. Kwamba aweza kufundisha mbinu za kujifunza. Kwamba anazijua kanuni za lugha waziwazi. Kwamba huona matatizo kabla hayajatokea. Kwamba huwahurumia wanafunzi. Na kwamba hunufaika kwa kuijua lugha yao. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa.

Sheria za viza hazikubadilika kwa sababu ya vitabu wala tamko hilo. Lakini mwalimu anayeelewa hoja hizi hatasimama mbele ya mwajiri kama mwombaji wa huruma. Atasimama kama mtu mwenye ujuzi unaoweza kuelezwa na kuonyeshwa darasani. Sasa tuutazame ujuzi huo.

Kutumia Njia Tuliyopita Wenyewe

Mfano wa kwanza: “he” na “she”. Katika Kiswahili tukisema “anasoma”, hatumjulishi msikilizaji kama asomaye ni wa kiume au wa kike. Ndiyo maana wanafunzi wetu husema “he” wakimtaja mama. Katika Kichina cha kuzungumza pia neno ni moja, “ta”, kwa mume na kwa mke, na watoto wa China hufanya kosa hilo hilo. Mwalimu aliyepambana nalo anajua kwamba mtoto hakukosa akili; lugha yake haikumzoesha kuchagua.

Dawa yake ni kumzoesha kuchagua. Kila mtoto apewe kadi mbili, moja ya picha ya mvulana na nyingine ya msichana. Katika hatua ya kwanza mwalimu aseme sentensi, “She is reading”, nao wainue kadi bila kusema neno. Katika hatua ya pili mwalimu ainue kadi, nao waseme. Katika hatua ya tatu mtoto mmoja aongoze mwenzake. Somo hili halihitaji tafsiri hata kidogo.

Mfano wa pili: silabi. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na tulipochukua maneno ya Kiingereza tuliyaongezea irabu. “Bus” likawa basi, “shirt” likawa shati, “glass” likawa glasi. Wajapani walifanya vivyo hivyo: wao husema basu, shatsu na gurasu. Mtoto wa Kijapani anaposoma “bus” kama neno la silabi mbili, mwalimu Mswahili anaijua asili ya kosa hilo kwa masikio yake mwenyewe.

Zana inayotakiwa ni viganja vya mikono tu. Mwalimu atamke neno kwa Kijapani huku watoto wakipiga kofi kwa kila silabi: basu, makofi mawili, gurasu, makofi matatu. Kisha atamke “bus” na “glass”, kila neno kofi moja. Tofauti itasikika kabla haijaelezwa. Ndipo watoto watamke wenyewe, na mwenzao ahesabu makofi.

Mfano wa tatu: vijineno “a” na “the”. Havimo katika Kiswahili, wala katika Kichina, Kijapani au Kikorea. Mzawa wa Kiingereza huvitumia sawasawa tangu utotoni, lakini akiulizwa kwa nini, huenda akajibu kwamba ndivyo isemwavyo. Sisi tulilazimika kutafuta sababu. Kwa watoto wadogo itoshe hadithi fupi ya picha: “I see a cat. The cat is black.” Paka akitajwa mara ya kwanza, huvaa “a”, msikilizaji akiisha kumjua, huvaa “the”. Watoto watunge hadithi zao za sentensi mbili mbili kwa wanyama wengine. Matumizi mengine ya vijineno hivi yangoje madarasa ya juu.

Mahali Ambapo Uzoefu Wetu Hautoshi

Isidhaniwe kwamba kila tatizo la mwanafunzi wa kigeni tulikwisha kulipitia. Katika Kichina na Kijapani jina la kitu kwa kawaida halibadiliki kwa sababu ya idadi, hivyo mtoto husema “two book”. Mswahili amezoea kitabu na vitabu. Kwake wazo la umoja na wingi si jipya. Hapo mwalimu asitegemee kumbukumbu zake, bali achunguze lugha ya wanafunzi wake.

Zaidi ya hayo, faida ya mwisho katika zile alizotaja Medgyes hupotea mwalimu anapovuka mpaka. Nyumbani, neno likishindikana, tunalieleza kwa Kiswahili. Ugenini hatuna lugha moja na watoto. Mwalimu anayekwenda huko anapaswa kuanza kujifunza lugha ya wenyeji kabla ya kusafiri, angalau salamu, hesabu, amri za darasani na muundo wa sentensi. Akifanya hivyo atakuwa mwanafunzi mbele ya wanafunzi, nao wataona kwa macho yao jinsi lugha inavyojifunzwa.

Jambo la mwisho ni ubora wa Kiingereza chetu wenyewe. Hoja ya kuwa si lazima mwalimu awe mzawa haimpi mtu ruhusa ya kufundisha lugha asiyoijua. Mtoto hana njia ya kujua kwamba alichofundishwa ni kosa. Atakibeba miaka mingi. Mwalimu na apimwe kwa mtihani unaotambuliwa, kama IELTS, asikilize na kusoma Kiingereza kila siku, na ayatafute matamshi ya maneno katika kamusi kabla ya kuyapeleka ubaoni.

Hitimisho

Kwa kifupi, mwalimu asiye na shahada na asiye mzawa wa Kiingereza atakuta nchi nyingi zimemfungia, na chache zikimkubali kwa masharti. Asitafute njia ya mkato. Apate cheti chenye mazoezi ya darasani, aimarishe lugha yake, na ajifunze kueleza kwa vitendo kile ambacho yeye anakijua kwa kuwa alikitafuta. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asiye na maandalio hamponyi mtu.

Na kwa walio wengi, ambao watafundisha hapa hapa nyumbani, ujuzi ni ule ule. Mtoto wetu anayesema “he” akimtaja mama yake anahitaji zile kadi mbili sawasawa na mtoto wa China.

Maswali ya Majadiliano

1. Taja makosa matatu ya Kiingereza yanayotokana na lugha ya kwanza ya wanafunzi wa eneo lako. Eleza chanzo cha kila moja.

2. Andaa somo la dakika 40 la kurekebisha kosa mojawapo bila kutumia tafsiri.

3. Mwenzako ameahidiwa kazi ya kufundisha nje kwa viza ya matembezi. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?