Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Iringa inalisha nchi. Mahindi, maharage na viazi hutoka huko kwa malori. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kwa Tanzania nzima ni 30 katika kila 100.

Uji mweupe asubuhi, ugali na mchuzi mchana, usiku vivyo hivyo: mtoto anashiba, lakini ubongo wake haupati protini, madini ya chuma wala zinki ya kutosha. Na ubongo hukua kwa kasi kubwa tangu mimba hadi miaka 2, zile siku 1,000 zinazotajwa kliniki. Kilichokosekana hapo ni vigumu kukifidia.

Kisiwani Barbados, watafiti waliwafuatilia watoto waliopata utapiamlo mkali katika mwaka wao wa kwanza. Walitibiwa, wakanenepa, wakaonekana wamepona. Shuleni, walimu wakaona wengi wao hawatulii, mawazo yanahama, kazi wanaiacha njiani. Shida hiyo ya umakini iliwafuata hadi utu uzima. Basi mwanao akiitwa mtukutu au mzito wa kuelewa, weka fimbo chini. Hajachagua kuwa hivyo, na viboko havirudishi kilichokosekana.

Mwili nao huzoea kukosa, ukajifunza kuweka akiba. Ukubwani, chakula kikiwa tele, mafuta hujaa tumboni, na hatari ya kisukari na shinikizo la damu hupanda. Msichana aliyedumaa huweza kupata taabu wakati wa kujifungua, na mtoto wake kuzaliwa na uzito mdogo.

Huhitaji kopo la dukani. Miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama pekee. Kisha uji mzito, usiochuruzika kijikoni, wenye karanga zilizosagwa, zisizo na ukungu, au dagaa waliosagwa. Najua mayai ndiyo hela ya sabuni. Mengine yauzwe, la mtoto libaki. Baba, mjamzito anahitaji chakula cha ziada na kupunguziwa jembe. Bibi unayebaki na mjukuu wazazi wakiwa shambani, mtoto wa mwaka mmoja ale mara 3 au 4 kwa siku, usimsubirishe hadi jioni.

Kliniki, msiridhike na uzito tu. Mwombeni nesi apime na urefu, awaoneshe kwenye kadi mtoto yuko wapi.